Karani wa Mikunjo na Leza Mbili

Habari hii nilisimuliwa na Mwanaidi Sheha, mwaka jana wakati wa masika, tukiwa barazani kwake tunaambua kunde na mvua imetufungia njia. Yeye alisimuliwa na binamu yake, na binamu yake alikuwa akifagia ofisi katika nchi ambako haya yalitokea. Nilimuuliza Mwanaidi nchi yenyewe iko upande gani. Akasema ukitoka hapa unakwenda moja kwa moja, hukati kona. Basi niliyoyasikia ndiyo haya.

Nchi inaitwa Jamhuri ya Ukunjufu. Watu wake ni kama watu wa kwingine, wanakula, wanaoana, wanapanga foleni. Ila wana desturi moja. Kitambulisho cha huko hakina alama ya kidole. Rais wao wa kwanza alikuwa msafi mno, hakutaka wino umguse. Alisema kidole ni cha kulia wali, si cha kuchovya kwenye kikopo cha serikali. Wakamuuliza, sasa mheshimiwa, raia tutamtambuaje? Akajitazama kwenye kioo cha gari, akaiona mikunjo ya paji lake la uso, akapendezwa nayo. Ikawa sheria. Kila raia atatambuliwa kwa mikunjo ya uso wake. Itahesabiwa kila mwaka na kuandikwa daftarini, kila mkunjo na mahali ulipo na sababu iliyouleta. Kijana ambaye hajapata mkunjo alitambuliwa kwa mikunjo ya mama yake, kwa kuwa ndiye aliyeisababisha.

Katika kata ya Mjini Kati karani wa mikunjo alikuwa Bi Siwatu. Miaka ishirini na sita alikalia kiti kimoja, dirisha kushoto, daftari mbele, na vyombo vyake vya kazi vilikuwa kioo cha kukuzia na njiti ya kiberiti. Mtu anakaa kwenye stuli, anaugeuza uso kwenye mwanga, Bi Siwatu anapitisha njiti polepole, mkunjo kwa mkunjo.

"Usicheke, mwanangu," alikuwa akisema. "Ukicheka unaniongezea kazi."

Kazi aliyoipenda ilikuwa kuandika sababu. Sheria haikukubali mtu aandikiwe uzee. Uzee, ilisema sheria, ni kisingizio. Kwa hiyo watu walisema kweli. Huu wa mwanangu wa tatu. Huu wa jua la shamba la mpunga. Huu nilimcheka shemeji alipotumbukia kisimani, akatoka mzima, nikamcheka tena. Bi Siwatu alisikiliza yote, akaandika, akafunga daftari. Hapakuwa na mtu pale mjini aliyejua mengi kama yeye, wala aliyesema machache.

Uso wake mwenyewe ulikuwa na mikunjo arobaini na mitatu. Alijua kila mmoja ulikoingilia.

* * *

Siku moja ya Ijumaa redio ilikatiza taarabu, akatokea Mheshimiwa Fumo Kitwana, Waziri wa Sura ya Taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa letu linatimiza miaka sitini. Wageni watakuja. Watakaposhuka kwenye ndege, watakutana na nini? Watakutana na nyuso zilizokunjamana. Mgeni akiona uso umekunjamana atauliza, kwani huku kuna nini? Na sisi, ndugu zangu, jibu tunalo, lakini si la kumpa mgeni. Kwa hiyo serikali yenu sikivu imenunua mashine mbili za mwanga wa leza, za kunyoosha ngozi. Hatumlazimishi mtu. Hii ni nchi huru. Kila mtumishi wa umma ana hiari kamili ya kuchagua kati ya Leza Pole na Leza Kali, mwisho Alhamisi saa tisa na nusu alasiri. Asiyechagua atahesabiwa kuwa amechagua kutokuwepo, na kiti chake atapewa aliyepo."

Fomu zilifika ofisini kabla hotuba haijaisha. Zilikuwa na visanduku viwili vya kutia alama. Bi Siwatu aliigeuza yake akatazama nyuma, kama labda kisanduku cha tatu kimewekwa huko. Nyuma palikuwa na picha ya Waziri.

Nyumbani alimkuta mumewe, baba Chiku, anamenya mihogo. Akamweleza yote.

"Chagua ile pole," baba Chiku akasema. "Mimi sitaona tofauti, lakini ukiniuliza nitasema nimeiona."

"Nakuuliza jambo la maana, wewe unanifanyia mzaha."

"Haya, chagua ile kali. Nitapata mke mpya bila kuposa."

"Ukipata mke mpya atakutaka uoge kila siku."

Baba Chiku akaweka kisu chini. Alijua mkewe anapokaa na buibui hajavua, pana jambo.

"Mama Chiku, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka kiti changu," alisema. "Na nataka uso wangu. Nimetazama fomu mbele na nyuma, vyote viwili kwa pamoja havimo. Nikiingia kwenye leza, nabaki karani lakini nimepoteza uso. Nikikataa, nabaki na uso, na daftari anapewa mtu asiyejua huyu ni nani na yule alilia nini."

Mumewe akaokota kisu, akaendelea kumenya.

* * *

Jumatatu makarani wengine wote wa mikunjo, ambao ni watu watiifu, walikwenda kwenye Leza Pole asubuhi na mapema ili waonekane wamewahi. Bi Siwatu alikwenda Jumanne, lakini alikwenda kuuliza. Mashine ziliwekwa ndani ya mahema mawili kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, moja mahali pa ng'ombe wa maziwa, moja mahali pa kuku wa mayai. Daktari alikuwa Shomvi, kijana mpole mwenye kalamu nne mfukoni. Alipelekwa ng'ambo siku tatu kujifunza, na siku moja katika hizo ilikuwa ya kuona mji.

"Nieleze taratibu, mwanangu," Bi Siwatu akamwambia. "Mimi si mwepesi, lakini sina haraka."

Daktari Shomvi akaeleza. Leza Pole haivunji ngozi. Mwanga unapita juu, unakwenda kupasha joto chini, ngozi inajikaza yenyewe kidogo kidogo. Mtu anatoka uso umeumuka kama andazi, siku mbili tatu unatulia, anarudi kupika. Lakini inabidi aje mara nne, kila mara mwezi upite, na mwisho wake mikunjo inapungua, haiishi.

"Inapungua kiasi gani?"

"Kiasi cha kuonekana na anayekupenda, Bi mkubwa."

"Na ile kali?"

"Ile kali inaondoa ngozi ya juu yote. Inachomwa, inabanduka, inaota mpya. Mara moja tu, na mikunjo kweli inakwenda. Ila wiki mbili mtu anakaa ndani, uso unatoka majimaji, unapakwa mafuta mchana kutwa, jua haligusi. Wekundu unaweza kukaa miezi."

Alimpa kijitabu chenye picha. Bi Siwatu alitoa kioo chake cha kukuzia akatazama nyuso za mle, moja moja, hakuruka hata moja.

"Hawa wote ni weupe kama yai la kuchemsha," akasema. "Mwenye rangi kama yangu simwoni."

"Mashine haibagui rangi, Bi mkubwa."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

Daktari Shomvi akatazama mlango wa hema, akasogea karibu. "Nikwambie kweli, mama. Ngozi yetu ile kali inaweza kuiachia mabaka meusi. Walitufundisha siku ya pili. Niliandika kwenye taarifa yangu, taarifa ikarudi imegongwa muhuri wa Imepokelewa kwa Furaha."

"Na wakubwa wamechagua ipi?"

"Kali. Baraza zima la Mawaziri, Jumamosi. Waziri alisema mkubwa hawezi kuchagua kitu kinachoitwa pole. Niliwaambia wakae ndani wiki mbili. Wakasema Alhamisi wana kikao cha kupanga sherehe, na kikao hicho huwa kina sambusa."

Bi Siwatu akamshukuru, akaikunja fomu yake bila alama, akarudi kazini kuhesabu watu.

* * *

Alhamisi saa mbili asubuhi magari kumi na moja yalisimama mbele ya jengo la Baraza. Wakashuka mawaziri kumi na mmoja, nyuso zao kama nyanya zilizomwagiwa maji ya moto zikamenywa. Getini alikuwa mlinzi anayeitwa Degera, mtu wa makamo, mwenye mke na mbuzi, ambaye hakupata hata siku moja kuvunja amri kwa kuwa hakupata hata siku moja kuielewa nusu nusu.

"Vitambulisho," Degera akasema.

Mheshimiwa Fumo akampa chake. Degera akasoma, akatazama uso, akasoma tena.

"Hapa pana mikunjo thelathini na mmoja. Kwako sioni hata mmoja. Naona mafuta tu."

"Mimi ndiye Waziri."

"Na mimi nina amri ya Waziri. Inasema mwenye upungufu wa mikunjo zaidi ya mitatu ni tapeli, asiingie hata akilia."

Hiyo amri ilikuwa kweli ya Waziri. Aliitia saini mwaka uliopita, baada ya mtu mmoja wa mtaani kujifanya Naibu Waziri wa Mifugo, akaingia kikaoni, akala sambusa tisa, na hoja yake ikapitishwa.

"Degera, hunijui mimi?"

"Nakujua sana, mheshimiwa. Ndiyo maana nakulinda na mtu kama wewe."

Serikali ikabaki nje. Jua lilianza kupanda, na jua ndilo walilokatazwa. Wakajibanza kwenye kibanda cha kuegeshea baiskeli, wanapeana zamu ya kivuli. Katibu wa Baraza alitoka ndani na kitabu cha sheria akawasomea kupitia matundu ya geti. Kulikuwa na kifungu kimoja cha kuwaokoa. Mtu ambaye uso wake umeungua au umebabuka atapelekwa kwa karani wa mikunjo, ataulizwa sababu za mikunjo aliyokuwa nayo, na zikilingana na daftari atapewa kitambulisho kipya, mbele ya mlinzi kama shahidi. Sharti ni kwamba karani naye uso wake ulingane na kitambulisho chake.

Wakapiga simu kata zote za mji mkuu. Makarani wote walikuwa wameumuka. Huyu kapungukiwa na mikunjo sita, yule minane, mmoja alikuwa amevimba macho hawezi kusoma daftari. Kwa sheria wote walikuwa matapeli.

"Hakuna hata mmoja aliyezembea?" Waziri akauliza.

Katibu akapekua orodha. "Yupo, mheshimiwa. Bi Siwatu wa Mjini Kati. Huyo bado hajachagua."

* * *

Walifika kwake saa tano, wamejifunika kanga walizoazima kwa wauza maandazi. Chumba kilikuwa na watu. Mheshimiwa Fumo akaenda moja kwa moja mbele.

"Foleni inaanzia kwa yule mama mwenye kuku," Bi Siwatu akasema, hakuinua macho.

Wakapanga foleni. Mama mwenye kuku akahesabiwa polepole, maana alikuwa na mengi. Zamu ya Waziri ilipofika, akakaa kwenye stuli. Degera akasimama pembeni, mikono nyuma. Kwanza alimhesabu Bi Siwatu, akapata arobaini na mitatu, akaridhika.

"Jina?"

"Bi Siwatu, unanijua. Umenihesabu tangu nikiwa mwalimu wa shule ya msingi."

"Naijua sauti yako, mheshimiwa. Sauti haimo kwenye sheria." Akafungua daftari, akaweka kidole. "Paji la uso, mkunjo wa kwanza kutoka juu. Uliletwa na nini?"

Waziri akakohoa. "Uzito wa majukumu ya kitaifa."

Bi Siwatu akasoma. "Siyo."

"Kuwafikiria wanyonge."

"Siyo, mheshimiwa."

"Mpeni nafasi, anakumbuka," akasema mama mwenye kuku, ambaye alikuwa amemaliza shida yake lakini hakuona sababu ya kuondoka.

Mheshimiwa Fumo akainama, akamnong'oneza Bi Siwatu sikioni.

"Shahidi hajasikia," Degera akasema.

"Ni kukodoa macho," Waziri akasema kwa sauti. "Herufi za hotuba sizioni, na naona haya kuvaa miwani."

"Sahihi. Wa pili?"

"Hotuba hizo hizo."

"Sahihi. Hii miwili ya pembeni ya mdomo?"

"Rais ana utani wake mmoja. Anautoa kila Ijumaa."

"Sahihi. Na huu uliokuwa katikati ya nyusi?"

Hapo Waziri akainamisha kichwa. Watu walidhani anatunga tena, na mama mwenye kuku akajiandaa kumsaidia.

"Huo wa mama yangu," akasema. "Nilikaa nje ya wodi siku tatu, nikitazama mlango. Alipotoka, alitoka amefunikwa."

Hakuna aliyecheka. Hata kuku alitulia. Bi Siwatu akasoma maandishi yake mwenyewe ya miaka kumi na tisa iliyopita, wino umeshafifia.

"Sahihi, mwanangu," akasema.

Mheshimiwa Fumo akainua kidole, akajigusa katikati ya nyusi, taratibu kwa sababu ya maumivu. Palikuwa laini kabisa.

"Kumbe nao umekwenda," alisema.

"Umekwenda. Lakini humu umo."

Akatambuliwa. Kwenye kitambulisho kipya Bi Siwatu akaandika: mikunjo, hakuna, sababu, amri yake mwenyewe. Wakafuata wale kumi, mmoja mmoja, na mchana ule watu wa Mjini Kati walijua kuhusu serikali yao mambo ambayo hawakuyasoma kwenye gazeti lolote. Waziri wa Maji alikunja uso miaka minne kwa sababu ya kiatu kinachobana, hakutaka kusema alikosea namba alipokinunua. Wa Fedha alikuwa na mikunjo kumi na saba na yote ilitokana na mkewe wa pili. Mama mwenye kuku alikaa mpaka mwisho.

Waziri wa mwisho aliposhuka kwenye stuli, ilikuwa saa tisa na robo. Bi Siwatu akafuta njiti yake, akatoa fomu mkobani, akaiweka mezani.

"Mheshimiwa, sasa na la kwangu. Muda umebaki robo saa, na mimi sijaweka alama. Nakuomba niambie wewe uliyeonja, niweke wapi?"

Waziri akaitazama ile fomu kwa muda. Kisha akawatazama wenzake waliojifunika kanga. Alijua hawezi kuifuta amri, maana kuifuta ni kusema serikali ilikosea, na uso wake ulikuwa umeshauma vya kutosha. Akasimama, akatafuta sauti yake ya redioni, akaipata.

"Ndugu wananchi," akasema, na raia saba waliokuwemo wakajiweka sawa. "Serikali haijakosea. Serikali imegundua hitaji jipya. Kuanzia leo, kwa usalama wa taifa, patabakizwa uso mmoja wenye mikunjo yake kamili, wa kutambulishia wengine. Uso huo ni wa Bi Siwatu. Unatangazwa kuwa mali ya umma. Ni marufuku leza yoyote, pole au kali, kuukaribia. Na kwa kuwa ni mali ya umma, ni marufuku vilevile kuupunguza au kuuongeza. Hataruhusiwa kucheka, kulia wala kushangaa kupita kiasi bila kibali cha maandishi. Mlinzi Degera atauhesabu kila siku baada ya chakula cha mchana."

Bi Siwatu akaisikiliza hotuba yote. Kiti amepata. Uso amepata, kwa namna yake. Akaichukua fomu akaipasua katikati, akatumia kipande kimoja kualamishia ukurasa.

* * *

Ilikuwa kama mwezi baadaye, mchana wa jua kali. Degera alikuja nyumbani kwa Bi Siwatu kama kawaida, akakuta wanamalizia wali na mchicha wa nazi, akakaribishwa, akala. Alikuwa ameshazoea, na baba Chiku alikuwa amemwekea kiti chake cha kamba upande wenye upepo.

"Degera, baba, nikuulize," baba Chiku akasema huku ananawa. "Huyu ni mali ya umma. Mimi nimelala na mali ya umma miaka arobaini. Hilo si kosa?"

"Ulikuwa na kibali, mzee?"

"Nilikuwa na shehe na mashahidi wawili. Mmoja alikuwa anasinzia."

"Nitauliza ofisini," Degera akasema, na alimaanisha.

Bi Siwatu akacheka. Hakukusudia. Kilimtoka kicheko cha tumboni, akajaribu kukizuia kwa upindo wa kanga, kikapitia puani, akatoka machozi, na mumewe alipomwona hivyo naye akacheka mpaka akakohoa. Degera aliwatazama, akasubiri wamalize, kisha akachukua kioo cha kukuzia akavuta kiti.

Alihesabu kwa njiti kama alivyofundishwa. Paji, nyusi, macho, mashavu. Alipofika chini ya shavu la kushoto akasimama, akarudia.

"Arobaini na minne," akasema.

Baba Chiku akaacha kukohoa.

"Huu jana haukuwepo, Bi mkubwa. Sababu yake?"

"Si umeiona mwenyewe, mwanangu? Andika hivyo hivyo. Kicheko."

Degera akafungua daftari lake, akashika kalamu. Kicheko bila kibali kilikuwa na barua mbili za maelezo na kikao, na baada ya kikao wangeweza kuleta uso mwingine mahali pa huu. Aliutazama ule mkunjo mpya. Ulikuwa mwembamba kama uzi, umelala vizuri pembeni ya mdomo kama mtu aliyekuja kukaa. Akatazama dirishani.

"Pazia lako lina nyuzi zilizochomoza," akasema. "Linaleta kivuli."

"Hilo pazia ni la zamani," Bi Siwatu akasema.

"Basi ni kivuli."

Akaandika arobaini na mitatu, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuandika kitu asichokiona. Jambo hilo lilimchosha sana, akaegemea kiti cha kamba ili apumzishe macho kidogo. Baba Chiku alikuwa ameshalala kwenye mkeka, mdomo wazi. Punde si punde Degera naye akalala, daftari kifuani.

Bi Siwatu akabaki macho peke yake. Akatoa vyombo, akafunika chungu, akalivuta pazia jua lisimpige Degera usoni. Kisha akajilaza upande wa pili wa mkeka, akajigusa pembeni ya mdomo, akaupata ule mkunjo, bado mpya, bado una joto. Akafunika uso wake kwa kanga, na haukupita muda mali ya umma ilikuwa inakoroma.